Siku Mguu Wangu Ulipojikwaa Nikiwa Nimekaa

Mtaa wa Charles, nyumba ya chini,
Waltham, Massachusetts.
6 Novemba 1983

Mpendwa mjukuu wangu Paulette,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Miaka mitatu! Tangu tumzike babu yako hujakanyaga mlango huu. Kalifornia si mwezini, na hata huko mwezini watu walikwenda wakarudi kwa siku nane. Wewe una ndege kila siku, tena wanakulisha njiani, halafu unaniletea kadi zenye picha za minazi. Minazi nimeiona, inatosha. Nakutaka wewe.

Haya. Hujambo, mama? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niandikie unakula nini. Kifua chako kile cha utotoni kimetulia? Na yule kijana wa kukuletea supu ulipougua, bado yupo au ulimfukuza?

Mimi sijambo. Goti la kushoto linatangaza theluji siku mbili kabla ya redio. Jicho la kulia walilitoa mtoto wa jicho mwezi wa nane, na sasa naona vumbi ambalo nilikuwa naishi nalo kwa amani. Baba yako Normand yupo na kelele zake. Alikuja juzi kuziba madirisha kwa ajili ya baridi, akaziba matano, akavunja la sita. Akasema ni kosa la dirisha.

Barua yako nimeisoma mara nne kwa sababu nasoma polepole, na mara ya tano kwa sababu sikupenda ulivyoimaliza. Umeniuliza swali moja ukaficha jingine chini yake, kama ulivyokuwa ukificha karoti chini ya viazi ukidhani sikuoni. La juu ni hili: zile kamba za kompyuta ya chombo cha mwezini tulizisuka vipi, nasi tusiosoma tulijuaje kwamba tumesuka sawa? La chini ni hiyo mashine ya dripu ya hospitali mnayoiandikia programu huko kazini kwenu.

Kama nimekuelewa vizuri, nesi akibadilisha namba harakaharaka, mara chache sana, kioo kinaonyesha namba mpya lakini matone yanafuata ya zamani. Umeliona kwa macho yako mara mbili, kisha likajificha. Mkubwa wako anasema kitabu cha majaribio kimepita chote, jalada hadi jalada, kwa hiyo ulichoona ni uchovu. Ijumaa ya tarehe mbili Desemba programu inachomwa ndani ya chipu, maelfu kwa maelfu, na baada ya hapo hakuna wa kuigusa. Wanataka sahihi yako. Nawe ukaandika: “Labda ni macho yangu tu, Bibi.”

Nilipofika kwenye maneno hayo niliacha unga wa mkate kwenye bakuli, ukaumuka hadi mezani.

Nitaanza na swali la juu, maana lina njia ya kushukia kwenye la chini.

Unajua mimi darasa sikulikanyaga. Tulikuwa kumi na mmoja kule Nyubransiki, Kanada, mimi wa kwanza, na wa kwanza ndiye mama wa pili. Viazi vilinijua kuliko mwalimu. Nilipokuja huku nilifanya kazi kiwanda cha saa, kuweka springi nyembamba kama unywele, hadi kilipofungwa. Miaka baadaye wakatafuta wanawake wa kusuka kamba. Hawakuuliza cheti. Walinipa sindano na waya, wakaangalia vidole, wakasema, njoo Jumatatu.

Nikakalishwa mbele ya Delima Arsenault. Sikusema pembeni yake, nimesema mbele yake, uso kwa uso, fremu katikati yetu. Kwenye fremu mna pete za chuma, ndogo kuliko tundu la kifungo, mamia. Mimi napitisha sindano yenye waya kutoka huku, yeye anaipokea kule, anavuta, anairudisha tundu linalofuata. Waya ukipita ndani ya pete, mashine ikija kuuliza itajibiwa moja. Ukipita nje, itajibiwa sifuri. Basi, mama. Yote waliyoyawaza wale wasomi, njia ya kwenda, njia ya kurudi, lini moto uwashwe na lini uzimwe, yalifika kwetu yamekuwa ndani, nje, nje, ndani.

Hatukuchagua wenyewe tundu la kupita. Kulikuwa na utepe wa karatasi wenye matundu unaosomwa na mashine, nayo ndiyo inasogeza fremu na kusema: hapa. Kamba ikiisha, inapelekwa kwenye mashine nyingine ya kuikagua. Taa ya kijani, safi. Taa nyekundu, fumua. Ikishapata kijani inamiminiwa gundi nzito inayoganda kama jiwe. Baada ya gundi hata Mtakatifu Anna hawezi kukusaidia.

Na nafasi ilikuwa finyu! Maneno elfu thelathini na sita hivi, kompyuta nzima, hakuna ya ziada. Uliniambia siku zile kwamba ninyi mkikosa nafasi mnaongeza. Wao hawakuwa na pa kuongezea. Kila neno lilipimwa kama unga wa mwisho mwezi wa Machi, wakati ghala liko tupu na ardhi bado barafu. Huwa najiuliza, ninyi wenye ghala lililojaa, nani anawafundisha kupima?

Sasa mguu. Unajua watu wetu hatukai na mguu kimya. Mama yangu alimenya viazi akigonga sakafu, ngoma tosha, hatukuhitaji fidla. Mimi na Delima tuligonga tukisuka. Vidole vya mguu chini, waya umepita ndani. Kisigino chini, umepita nje. Haikuwa sheria ya mtu, ilijianzia yenyewe. Msimamizi wetu, Bwana Haskell, alikuja siku ya kwanza akasimama mikono kiunoni.

“Nyie wawili, mnasuka au mko harusini?”

“Vyote viwili, bwana,” Delima akamjibu, “na hatujakualika.”

Alituacha kwa sababu tulikuwa hatukosei. Pia ni Delima huyo aliyenifundisha herufi, wakati wa chakula, akizichora mezani kwa kidole chenye maji. Kwa kuwa alikaa mbele yangu, mwezi mzima nilizijua herufi zikiwa miguu juu. Mpaka leo nikichoka A yangu inaanguka. Usicheke, barua hii ina mbili.

Februari ya mwaka sitini na nane tulikuwa na kamba moja ya kusuka mara nne, nakala kwa nakala, kila moja ya chombo chake. Ya kwanza tukamaliza, ya pili tukamaliza. Kwenye ya tatu, siku ya tano, niko kwenye waya fulani, mguu wangu ukajikwaa. Nimekaa kitini, Paulette, na mguu ukajikwaa kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Vidole vilikuwa vimeshuka kugonga ndani, na mashine imesogeza fremu nje.

Nikasimamisha sindano.

“Nini?” Delima akauliza.

“Hapa tulipita ndani.”

“Lini?”

“Kamba ya kwanza. Na ya pili.”

“Exilda, shoga, hizo pete ni mamia na waya ni mamia. Unakumbuka pete moja?”

“Mimi sikumbuki. Mguu ndio unakumbuka.”

“Basi mguu wako umezeeka. Vuta.”

Nikavuta. Hapo ndipo kosa langu, nakuandikia bila kulipaka sukari: nilivuta. Mwanamke asiyejua kusoma, mbele ya utepe ulioandikwa na watu wenye shahada tatu, atasema nini? Wiki ikaisha, kamba ikaenda kukaguliwa, taa ya kijani. Nikamwendea Bwana Haskell nimekunja aproni mkononi kama msichana wa kuomba ruhusa.

“Bwana Haskell, ile ya tatu haiko sawa.”

“Taa inasema iko sawa.”

“Mguu wangu unasema haiko.”

Akaniangalia mguu. Kwa kweli akainama akauangalia, na kiatu changu cha kisigino kilicholika. “Exilda,” akasema, “kati ya taa na mguu, nimwandikie mkubwa nini?”

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hicho ndicho kicheko ninachokijutia kuliko vyote maishani. Nilicheka kuwasaidia wasinisikilize.

Siku mbili zikapita. Babu yako akaniuliza mbona nimetia chumvi kwenye chai. Nikamweleza. Yeye alikuwa seremala, maneno yake ya kuhesabika, akaniuliza swali moja tu: “Taa inamuuliza nani?”

Nikaenda kulitafuta jibu. Asubuhi nikamkamata yule fundi wa mashine ya kukagulia akiwa na kahawa yake, nikamuuliza kama mjinga, na ujinga wangu kila mtu aliuamini. Ukikagua kamba unailinganisha na nini? Na utepe, akasema. Utepe upi? Huohuo mliosukia, akasema, tena mpya, wa zamani ulichanika baada ya kamba ya pili, wakatengeneza nakala.

Umeona, mama? Ni kama kumuuliza mtu kama anasema kweli, kisha ukamwita yeye mwenyewe kuwa shahidi wake. Kamba ilifanana na utepe kabisa. Kama utepe ulikosa, taa ingewaka kijani mpaka Siku ya Hukumu.

Gundi ilikuwa inamiminwa asubuhi hiyohiyo. Sikupita kwa Bwana Haskell. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya gundi, nikalaza mkono wangu wote juu ya ile kamba ndani ya kibati chake.

“Mama, toa mkono,” akasema mmiminaji.

“Mimina tu. Nitakwenda nayo mwezini.”

Kelele ikawa kubwa. Haskell mwekundu kama nyanya iliyoiva. Na Delima, yule aliyeniambia mguu umezeeka, akaja akaweka mkono wake juu ya wangu. “Mimi sikusikia kitu,” akasema kwa sauti, “lakini nimekaa mbele ya huyu miaka miwili, na hajawahi kusimamisha sindano bure.”

Wakamwita mhandisi kutoka chuoni kwa wale wasomi walioipanga kompyuta, Bwana Tolman, mwenye upara na koti lenye wino. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniambia, “Nigongee.” Hakuniambia nieleze. Nikagonga waya ule mzima kama tulivyousuka mara ya kwanza, naye na penseli, nukta ya vidole, mstari wa kisigino. Alipomaliza akaenda kulinganisha na maandishi yao ya asili, yale ambayo utepe wenyewe ulitolewa. Nilikuwa nimemwonyesha sehemu mbili: pale nilipojikwaa, na pengine nilipohisi nikigonga kwamba kamba ya tatu ilikwenda tofauti.

Moja nilikosea. Hapo mguu ulikuwa umeongeza pambo lake, nadhani kwa sababu saa ya chakula ilikuwa inakaribia. Watu wakacheka tena.

Ya pili ilikuwa kweli. Tundu moja la utepe halikutobolewa. Tundu moja.

Nikamwambia Bwana Tolman samahani kwa lile la kwanza. Akaniambia, nakumbuka kila neno: “Mama Gaudet, kosea kwa sauti kila siku ukitaka. Kosa la kimya ndilo sina dawa yake.” Toka wiki ile nakala ya utepe ikawa inalinganishwa na maandishi ya asili, na anayelinganisha si yule aliyetengeneza. Tulifumua kamba ile waya kwa waya, na Delima hakuacha kunitania hata siku moja. Kila nikichelewa kazini alisema mguu wangu umekwenda kutoa ushauri.

Tundu lile lingefanya nini huko juu? Sijui. Nilimuuliza Tolman, naye akasema labda lisingefanya lolote. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Angeweza kunipa hadithi.

Umesikia habari ya ule mteremko wa kwanza mwezini, kengele zilivyolia ndani ya chombo kwa sababu kompyuta imezidiwa? Tulikuwa wote sebuleni hapa, baba yako kakaa sakafuni ingawa ni mtu mzima. Baadaye nikasikia mashine ilifanya nini: ilitupa kazi ndogo, ikashika kubwa, ikaendelea kuwateremsha. Nikasema, aa, basi aliyeipanga amewahi kulea. Mchuzi unaungua, mtoto analia, mwingine amesimama dirishani ghorofa ya pili. Unaacha mchuzi. Hufikirii pale pale, ulishafikiri zamani. Ndiyo maana nakuuliza, maana sijui na ninataka kujua: hiyo ya dripu ikichanganyikiwa imefundishwa kuacha nini? Inasimama na kupiga kelele, au inaendelea kudondosha huku kioo kinatabasamu? Niandikie. Nilipolazwa kwa jicho walinitundikia moja kama hiyo, nikaiangalia usiku kucha nikijiuliza nani kaisuka.

Sasa lile ulilolificha chini ya viazi.

Kitabu chenu cha majaribio, nani alikiandika, na aliandika akitazama nini? Kama alitazama mchoro uleule walioutazama walioandika programu, basi kupita kwake ni taa yetu ya kijani. Nendeni mkamtafute shahidi asiyekula meza moja na hao. Mpeni mashine nesi halisi, mchovu, mwenye haraka, mwenye wagonjwa tisa, na mwingine akae na kikombe ahesabu matone yenyewe, asiangalie kioo. Mimi sijui lugha ya mashine. Ila matone najua kuhesabu.

Na usiniandikie tena kwamba labda ni macho yako. Inawezekana ni macho yako! Mimi katika sehemu mbili nilikosea moja, na bado nipo, nakula, nakugombeza. Sema zote mbili. Lakini sahihi usitie. Sahihi ni gundi, Paulette.

Wakikucheka, usicheke nao.

Wakikufukuza, kitanda cha baba yako bado kiko chumba cha nyuma, nimekitandika blanketi la bluu. Sisemi hivi kukufariji. Nimekwisha kukitandika.

Jambo moja linanisumbua zaidi ya mashine. Katika barua nzima hukutaja mtu anayekaa mbele yako. Umetaja mkubwa aliye juu yako, na wale walio ofisi ya ng'ambo ya uwanja. Mbele yako kuna ukuta na kioo. Nani ataweka mkono wake juu ya wako? Tafuta mmoja kabla ya tarehe mbili. Hata kama hakuona ulichokiona wewe, awe tu ameona unavyofanya kazi.

Delima yuko nyumba ya wazee, karibu na mto. Nakwenda kila Jumapili, na leo nimetoka huko. Jina langu halijui tena. Leo aliniita kwa jina la dada yake, kisha akaniita nesi. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamsomea barua yako yote, na nilipofika kwenye maneno ya macho yako akanyanyua kichwa. Nikaanza kugonga waya ule, vidole, kisigino, vidole. Yeye akafuata. Nilipofika mahali pale, kwa makusudi, nikagonga kisigino badala ya vidole.

Mguu wake ukasimama. Akaniangalia kwa ukali kama siku ya kwanza. “Hapo sipo,” akasema.

Miaka kumi na tano, mama. Aliniambia hakusikia kitu.

Basi nimechoka, na A zimeanza kuanguka. Baba yako anakusalimu, anajifanya hana wasiwasi. Mama Thibodeau wa juu anakusalimu na anauliza kama huko mna maapulo ya kweli. Paka hakusalimu, hana adabu. Nawe nisalimie yule wa supu, kama yupo.

Mungu akuzungushie mikono yake mbele na nyuma, akupe usingizi mzuri na ulimi mgumu. Niandikie kabla ya tarehe mbili, na baada yake pia, iwe vyovyote.

Ni mimi ninayekupenda hata nikikufokea, hasa nikikufokea,

Bibi yako,
Exilda Gaudet

Nimesahau. Krismasi unakuja, sikuulizi, nimekuambia, na pai ya nyama nitapika mbili. Kabla ya kuja kwangu tutapitia kwa Delima. Kaa mbele yake, si pembeni. Na usije na vile viatu vyako vya mpira, havisikiki. Vaa vya soli ngumu.